Israeli Ndogo ya Njia ya Bengamisa

Pale sokoni ninapouzia vitenge, wateja wananiuliza kama ni kweli mama yangu ndiye aliyekula nchi yake pamoja na mbuzi. Wanauliza huku wakipapasa kitambaa, na wanacheka. Mimi ninawajibu vibaya. Mmoja nilimnyang'anya kitenge mkononi nikamwambia aende akanunue kwa watu wenye subira. Nimepoteza wateja kwa ajili ya mdomo huu, na sijutii hata mmoja. Lakini kwa kuwa kila mtu mjini anaisimulia habari hiyo anavyotaka, na wengi hawajui wanachosema, bon, leo nitaisimulia mwenyewe.

Shamba letu liko nje ya Kisangani, njia ya Bengamisa, mkono wa kushoto, mahali ambapo barabara inashuka kwenye kijito kisha inapanda. Sisi ni watu wa msikiti, Waungwana, watoto wa wale waliofika huku na misafara ya biashara zamani. Wenye nchi ni watu wa msitu wa pale. Babu wa papa yangu alikwenda kwao, akapata mahali pa kulima. Walimpa au walimwazima? Hapo ndipo penye mgogoro. Sisi tunasema tulipewa. Wao wanasema tuliazimwa mpaka siku watakayokuwa na haja napo. Neno hilo lilikuwepo kabla sijazaliwa, na halikuwahi kumwaga damu ya mtu, kwa sababu kila upande ulikuwa na adabu ya kutolisema kwa sauti. Walitualika matangani kwao, na sisi tuliwapelekea nyama ya Idi.

Shamba lina chini na lina juu. Chini, karibu na kijito, mama alikuwa analima muhogo, mpunga na ndizi za kupondea lituma, bonge letu la ndizi. Juu ni kilima alichokipumzisha. Kwetu ardhi inalimwa miaka miwili au mitatu, kisha inaachwa miti irudi na udongo upate nguvu. Hata mtoto mdogo anajua hivyo. Mtu wa mjini akipita na pikipiki yake anaona pori tu, anafikiri ni mali ya nyani. Kile kilima hakikuwa pori, kilikuwa shamba lililolala, na lilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe ni mama. Papa alipofariki, ndugu zake walitaka aje kukaa mjini kwangu, apikiwe, alale, angoje kufa. Alikataa. Hana duka, hana pensheni, ana mikono yake na lile shamba. Alikuwa akija kwangu, anakuja na sombe ya majani ya muhogo, ndizi na mchele mgongoni, ananikuta mimi ndiye nina sufuria tupu. Jambo alilolichukia kuliko yote duniani ni kuomba chakula. Hata kwangu mimi, mtoto wake wa kumzaa, hajawahi kusema nipe. Hilo ndilo lililokuwa hatarini katika habari hii yote. Wanaocheka habari ya mbuzi hawalijui.

Sasa mchungaji. Hata nikiwa na hasira, lazima niseme alikuwa mtu wa adabu. Alivaa vizuri, alimsalimu mama kwa kuinama, alimwita mama kwa moyo. Alikuwa na waumini wake mjini, familia chache, watu wazima wenye kazi, si wahuni. Alikuwa amerudi karibuni kutoka hija ya Wakristo, Yerusalemu na kwingineko. Alimjia mama akaomba kilima kwa siku mbili tatu, wafunge na kusali mbali na kelele za mji. Mama alikubali palepale. Nilipomuuliza kwa nini hakunishauri, alisema mtu anayemsujudia Mungu huwezi kumfukuza juu ya udongo wa Mungu. Nilimwambia udongo wa Mungu ni mwingi, kwa nini wachague wa kwako. Akaniambia nina roho ya soko.

Siku mbili tatu zikawa wiki. Walisimamisha mahema, wakasafisha kilele cha kilima, wakakata miti ambayo mama alikuwa anaingoja ikomae. Mama akasema ni majani tu, yataota. Jumapili moja mchana mchungaji akaalika majirani wote. Alifunga turubai jeusi ili pawe giza, akawasha jenereta, akatundika shuka jeupe, akatuonyesha picha za safari yake. Mama aliniomba nimsindikize.

Tuliona Ziwa la Galilaya, tukaona ukuta ambao watu wanasali wakiugusa. Halafu ikaja picha ambayo mchungaji aliiacha muda mrefu. Kilima kikavu. Juu yake nyumba ndogo nyeupe zenye paa jekundu, zimekaa kwa mpango mzuri, na mizabibu, na bembea za watoto, na uzio unaozunguka pote, na geti lenye mlinzi. Alilala pale usiku mmoja, alisema, kwa familia moja iliyompokea kwa ukarimu mkubwa. Akatueleza kwamba ni kijiji cha watu wachache wa imani moja, wanaopendana. Mtu akitaka kuhamia kwao, wanakaa kikao, wanamwangalia, wanaamua kama anafaa. Hilo lilimpendeza kuliko yote. Akasema pia, na hakuficha, kwamba nchi ile ina ugomvi, kwamba wengi duniani wanasema si yao, nao wanasema waliahidiwa na Mungu. Kisha akaweka picha nyingine ya kilima kilekile, iliyopigwa kutoka pembeni. Chini yake kulionekana nyumba nyingine, za rangi ya vumbi, na miti ya mizeituni, na mnara wa msikiti.

Mama akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Na hawa ya chini ni nani?"

"Hao ni majirani, mama."

"Ile kikao ya kuchagua majirani, hao nao walikuwa ndani?"

Watu walicheka. Mchungaji naye alicheka, akasema ni habari ndefu ya zamani sana, akapitisha picha nyingine, Mto Yordani. Mama hakucheka. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

Nisieleweke vibaya. Mimi sijafika huko. Kwenye televisheni kila mtu ana neno lake juu ya Israeli na Palestina, na kwenye pikipiki, na kwenye meza za bia. Wale wa juu wana makaburi yao na machozi yao, wale wa chini wana yao, na mtu wa Kisangani anayeshindwa kupatanisha wake wenza wawili wa mtaani kwake afadhali anyamaze kidogo. Ugomvi wa kule una wenyewe. Hasira yangu ni ya mtu aliyesafiri mbali hivyo, akaona kilima chenye ugomvi, na kati ya vyote alivyoviona akapenda uzio, akaja kuupanda kwetu.

Mahema yakawa vibanda vya mbao, ati mpaka mvua iishe. Mvua ya Kisangani inaisha lini? Watu wa njiani wakaanza kupaita Israeli Ndogo, kwanza kwa utani, kisha kwa kawaida. Madereva wa pikipiki wakawa wanapakia abiria kwa jina hilo. Mimi nilimwambia mama, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akasema hao hawahitaji jembe, ni watu wa ofisi, hawatalima. Kwake kulikuwa na sheria moja tu, na ni sheria ya kweli kule kwetu: mgeni anaweza kupanda vinavyoisha ndani ya mwaka, asipande mti. Hao hawakupanda mti. Donc, kwa mama, walikuwa bado wageni.

Ikaja Idi ya kuchinja. Siku moja kabla yake, mchungaji alishuka kutoka kilimani na mashemasi wake wawili. Walikuwa na mbuzi dume, mnono, mwenye kamba shingoni, na kifuko cha chumvi. Akamwambia mama kwamba ni sikukuu yetu na wao ni majirani, wametuletea hiki. Mama alilia. Mwaka ule hatukuwa na uwezo wa kununua mnyama, na alikuwa anaogopa kuipitisha Idi na kuku. Alinipigia simu kwa furaha. Alisema tazama watu wa Mungu, wewe uliwasema vibaya, Mkristo amemletea Mwislamu mnyama wa kuchinja.

Tulikwenda wote. Tonton, mdogo wake papa, ndiye aliyechinja, na alijisifu siku nzima kwa kisu chake. Mama aligawa nyama kama inavyotakiwa, sehemu ya nyumba, sehemu ya ndugu, sehemu ya majirani na maskini. Na kama kila mwaka, kama alivyofanya papa na papa wake, alituma mguu mmoja mzima kwa kapita, mkuu wa kijiji cha wale wenye nchi. Chumvi tuliipikia. Tulikula wote, tukashukuru, tukamwombea mchungaji maisha marefu.

Kabla mpunga haujavunwa, uzio ukaja. Walipanda vigingi na waya kuzunguka kilima, na hawakuishia kilimani, walishuka nao hadi kijitoni, wakaukata muhogo wa mama katikati. Upande wa barabara wakaweka geti la chuma, na juu yake bendera nyeupe na buluu yenye nyota. Mama alipanda kumuuliza mchungaji, akidhani wapiga vigingi wamekosea kipimo. Mchungaji alimpokea vizuri, akampa kiti na soda. Akamwambia, "Mama, lakini haya maneno si tulishayamaliza?" Mama alirudi bila kuelewa. Alinisimulia akiwa bado anatafuta ni maneno gani hayo aliyoyamaliza na mtu.

Tulielewa barzani kwa kapita, kwenye kikao chake cha kuamua maneno. Palikuwa na wazee wake, mchungaji na mashemasi, na upande wetu mama, tonton na mimi. Kapita ni mzee mfupi mwenye sauti ndogo, lazima uiname kumsikia, na nadhani anafanya makusudi. Alimuuliza mama kama alipokea mbuzi. Mama alisema ndiyo. Na chumvi? Ndiyo. Walimchinja? Ndiyo. Mguu ulikwenda kwa kapita?

"Kila mwaka ninakutumia," mama alisema. "Iko mbuzi ya Idi."

Kapita akaeleza taratibu, kama mwalimu wa watoto. Pale kwao udongo hauuzwi kwa maneno. Anayetaka mahali pa kukaa anampelekea mwenye mahali mbuzi hai na chumvi. Mwenye mahali akikataa, anarudisha mbuzi. Akikubali, anachinja, anakula na watu wake, na mguu mmoja unakwenda kwa kapita, awe shahidi. Mguu ukifika, maneno yamekwisha. Huo mguu yeye aliupokea, akaula, akajua kwamba mama amekubali. Kwa hiyo alishangaa kutuona pale.

Nilimtazama tonton. Nilingoja aseme hapana, hiyo ni ibada yetu, mguu huo tunautuma tangu enzi za babu na hauhusu udongo. Tonton, bingwa wa kisu, alikuwa anatazama viatu vyake. Na kapita hakuwa amemaliza.

"Babu ya bwana yako naye alileta mbuzi na chumvi kwa babu yangu," alimwambia mama. "Mukisema mbuzi haitoshi kwa kutoa udongo, basi ninyi wenyewe hapa muko na nini?"

Hapo ndipo nilipoona kisima tulimotumbukia. Maisha yetu yote tulikuwa tunasema tulipewa, na ushahidi wetu pekee ni yule mbuzi wa zamani. Tukimkana mbuzi wa mchungaji, tunamkana na wa babu. Tukimkubali wa babu, kilima kimekwenda na muhogo umekwenda. Tonton alikuwa ameliona hilo kabla yangu, ndiyo maana viatu vilimpendeza ghafla.

Mimi nilisimama. Najua pale mwanamke akinyimwa ruhusa ya kusimama haombi mara ya pili, kwa hiyo sikuomba hata mara moja. Nilimuuliza mchungaji nani duniani anampelekea Mwislamu kifuko cha chumvi kwa ajili ya Idi. Mbuzi ninamwelewa. Chumvi aliitoa wapi katika Biblia yake? Sauti yangu ilikuwa ya sokoni, ninajua, ilisikika mpaka barabarani.

 Mchungaji akasema, na ninamhesabia kwamba alisema, kuwa alimuuliza kapita jinsi ya kupata mahali kwa njia ya heshima. "Aliniambia mbuzi na chumvi. Na aliniambia nivipeleke siku ya sikukuu yao, watapokea vizuri."

Kila mtu alisikia. Kapita hakukana, hakuona haya, alijikuna goti tu. Alijua mama hawezi kumrudisha mnyama aliyeletwa kabla ya Idi, na alijua kwamba mguu utamfikia bila kuuomba, kwa sababu ulimfikia kila mwaka. Alitumia ukarimu wa mama kumnyonga nao. Na mchungaji, aliyeyajua yote hayo sasa, aliyeyasema kwa mdomo wake, alifanya nini? Alishukuru barza, akasema Mungu ana njia zake. Uzio ulibaki mahali pake. Mimi nilitozwa kuku kwa kupiga kelele.

Uamuzi ukawa hivi. Kilima na kipande cha chini kilichoingia ndani ya waya ni vya kijiji kipya. Mama aliachiwa ukanda mwembamba wa kijitoni ambao mafuriko yanaumeza kila mwaka. Kwa huruma, neno hilo walilitumia, ataruhusiwa kuingia kung'oa muhogo aliokuwa ameupanda, mpaka utakapokwisha, isipokuwa Jumamosi, maana Jumamosi wanapumzika kama wale wa kwenye picha waliowaiga.

Nilitaka kwenda mahakamani mjini. Nilikuwa tayari. Unajua nani alinizuia? Sikuzuiwa na mchungaji wala kapita. Ni watu wetu wenyewe, familia za msikiti zenye mashamba kando ya njia ile. Walikuja nyumbani kwangu, mama akiwepo, wakiwa na sukari na mchele mikononi, wakakaa wakamsifu kwa uvumilivu wake. Kisha wakamwomba asiende kwa hakimu. Kila mmoja wao ana shamba lililotoka kwa mbuzi wa babu fulani. Jambo hili likifunguliwa mbele ya sheria, walisema, wenye nchi watatuambia sote kwamba tuliazimwa, na wote tutang'olewa. Heri mmoja apoteze kilima. Waliongea vizuri sana, na walikuwa na akili, na ndicho kinachonikasirisha mpaka leo, kwamba walikuwa na akili. Tonton alitikisa kichwa kukubali kila neno.

Mama aliwajibu kwamba amesikia. Walipoondoka, nilimwambia nitaurudisha ule mchele mlango kwa mlango, niumwage. Akaniambia mchele hauna kosa. Akaupika, akala kidogo, akasema umepikika vibaya. Ulikuwa mchele wa kwanza wa watu wengine kupikwa naye tangu papa afariki, na nilijua kwamba anajua.

Mvua za kwanza zilipopungua tulikwenda kung'oa muhogo, mimi na yeye, asubuhi, kila mmoja na kitunga chake mgongoni. Ndani ya uzio nyumba zilikuwa zimeshapata mabati mekundu, na watoto walikuwa wanabembea kwenye matairi. Getini palikuwa na mlinzi, mwanaume wa makamo mwenye koti la mvua, mtu mpole, muumini wao. Hakutujua. Akamsalimu mama, akamuuliza, "Mama, muko naenda kwa nani?"

"Kwangu," mama alisema.

Mlinzi alitabasamu. Alieleza kwamba nyumba zote za ndani anazijua, na sharti mtu atoke ndani kumpokea mgeni, ndiyo kanuni. Mama akamwonyesha kwa kidole majani ya muhogo nyuma ya waya. Alisema kwake ni pale. Mlinzi alitazama, akasema pale hapana nyumba, mama, nitajie familia. Hakuwa na dharau hata kidogo. Nilifungua mdomo nimweleze yeye, na mchungaji wake, na ukoo wao mzima. Mama akanishika mkono, akanibana kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Alisimama pale, jasho linamtoka chini ya mtandio, akiangalia ule muhogo.

"Bon," alisema mwisho, bila kumtazama mtu. "Waambie kuna mama mumoja anaomba chakula."

Mlinzi akafungua geti mara moja. "Karibu, mama," alimwambia, akampokea kitunga amsaidie kukibeba. Mama aliingia. Mimi nilibaki barabarani, kitunga changu mgongoni.